Maswali na Majibu: Mkimbizi na Usalama wa Nchi

SWALI: Salaam, wahariri. Mimi ni mjumbe wa shina huku Chanika, Handeni. Akija mgeni akasema amekimbia vita kwao, nimkamate? Na serikali inajuaje kuwa si mpiganaji aliyevua magwanda?
Msomaji, Handeni

JIBU: Usimkamate, wala usimfiche. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka ajitokeze mara moja, ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Basi mpeleke kwa mtendaji siku hiyo hiyo. Akiwa na silaha, polisi waitwe kwanza, maana anatakiwa kuisalimisha. Mwenyeji anayemlaza mgeni kimya kimya mwezi mzima kwa huruma ndiye anayemponza.

Kuhusu mpiganaji, hapo pana kazi. Mwombaji anahojiwa juu ya kijiji alichotoka, njia aliyopita, aliyeongozana naye na kazi aliyokuwa akifanya vita vilipoanza. Majibu yake yanalinganishwa na ya wenzake waliotoka huko huko. Aliyetenda uhalifu wa kivita au dhidi ya binadamu hapewi hadhi ya ukimbizi. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 1F cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi.

Mambo huharibika watu wanapofurika. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nani angewahoji wote? Walioshiriki mauaji ya kimbari waliingia pamoja na raia, na baadhi ya viongozi wao wakaendelea kuwatawala watu kambini, hata kwenye mgawo wa chakula. Kwa maoni yetu, wenye silaha watengwe pale pale mpakani, na chakula kigawiwe kwa kaya moja moja, kisipitie kwa wakubwa wao wa zamani. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 nao unataka wakimbizi wawekwe mbali kiasi na mpaka wa nchi yao, na unawakataza kuihujumu wakiwa ugenini.

SWALI: Kwa nini ndugu zetu Wazigua wa Somalia walisubiri miaka mingi kwenda Marekani, na wote ni wakulima tu?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marekani ilikubali mwaka 1999 kupokea Wabantu wa Somalia, Wazigua wakiwemo, wapatao 12,000 waliokuwa kambi ya Dadaab, Kenya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, uchunguzi ukakazwa. Mwaka 2002 wakahamishiwa kambi ya Kakuma, huko huko Kenya, kusailiwa, kwa kuwa Dadaab haikuwa salama, na wa kwanza wakasafiri mwaka 2003. (Waliokimbilia kwetu, wakakaa Mkuyu kisha Chogo, huko Handeni, Tanzania iliwafungulia mlango wa uraia.)

Ukulima haumwondolei mtu uchunguzi. Kinachochelewesha zaidi ni tarehe: upekuzi wa majina, alama za vidole na vipimo vya afya kila kimoja kina ukomo wake. Vya afya kwa kawaida hudumu miezi 6, au pungufu kwa mwenye tatizo la kifua kikuu. Kimoja kikiisha kabla ya safari kinarudiwa, na wakati huo kingine nacho kinaisha. Mtoto akizaliwa au mtu akioa, faili lote linasimama, kwa hiyo taarifa itolewe mapema. Jina nalo liandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Mohamed wa karatasi moja na Muhammad wa nyingine huonekana kama watu wawili.