Kiti cha mbele si cha mwenye nauli kubwa

Mwaka 2022, mpaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulipokuwa umefunguliwa tena, nilipata safari yangu ya kwanza ya kupeleka watu Kigali. Ilikuwa harusi ya kwetu. Gari ni Super Custom yangu, kibasi cha Toyota, usukani kulia kama karibu kila gari linaloshuka kutoka Japani kuja Kampala. Kiti cha mbele kushoto alikaa shangazi, kwa sababu miguu yake huvimba akikaa nyuma. Tulilala Kabale. Asubuhi tukavuka, na hatua chache baada ya geti nikahamia upande wa kulia wa barabara, maana Rwanda hupita kulia. Nikajisifu moyoni kwamba jambo lenyewe ni dogo tu.

Tulipoyapita mashamba ya chai ya Mulindi tukaanza kupanda mlima nyuma ya tenki la mafuta linalojikokota. Nikafanya ninachofanya kila siku kati ya Masaka na Mbarara: nikachungulia. Huku kwetu kuchungulia ni kazi ya nusu tairi. Dereva umekaa kulia, karibu na katikati ya barabara, kwa hiyo ukisogea kidogo tu jicho lako tayari limeshapita ubavu wa lori. Rwanda wewe yule yule, na gari lile lile, umekaa upande wa mtaro. Kati ya jicho lako na katikati ya barabara kuna upana karibu wote wa gari. Langu lina kama mita 1.7. Mpaka jicho langu lifike mahali pa kuona, gari zima lilikuwa limeshaingia njia ya wanaokuja.

"Weee! Basi!" shangazi alipiga ukelele.

Nikarudi nyuma ya tenki. Basi likapita kwa kishindo, upepo wake ukatutikisa. Nyuma wakaacha kuimba. Baada ya muda shangazi akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe huoni au hutazami?"

Nilikuwa natazama. Sikuwa naona. Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu naona vijana wengi wa Kampala siku hizi wanakodiwa kwenda Kigali, Goma au Juba, na ushauri wanaopewa ni mmoja tu: "Kumbuka kukaa kulia." Kukaa kulia ni rahisi, magari mengine yatakukumbusha. Asichokwambia mtu ni kwamba sehemu za gari lako ambazo macho na vioo havifiki zimehama. Kila ulichozoea kukiona bila kufikiri kimekwenda upande wa abiria, na ule upande uliokuwa ukiupuuza ndio sasa unaotoa mabasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloamua kabla ya safari siku hizi ni nani atakaa mbele. Zamani kiti kile kilikuwa cha mwenye heshima au aliyelipa zaidi. Sasa ni cha mwenye macho. Awe macho kweli kweli, asiwe mtu wa kusinzia wala wa simu, na ikiwezekana awe mtu anayejua kuendesha. Madereva wa malori hawashangai nikiwaambia hivi, kwa sababu utingo kwao ni jicho la pili tangu zamani. Sisi wa magari madogo ndio tunaojiona tunajitosha.

Na huyo wa mbele mkubaliane maneno mapema. Hili nalo nilijifunza kwa jasho. Safari ya pili alikaa mbele mjomba mmoja, dereva mzoefu. Tukawa nyuma ya fuso iliyobeba viazi. Nikamwuliza, "Vipi hapo mjomba?" Akajibu, "Ipo!" Mimi nikaelewa nafasi ipo. Yeye alikuwa ananiambia gari ipo. Angekuwa mtu wa Unguja angesema "lipo" na tungeelewana bila kupandisha presha, lakini kwa Kiswahili chetu cha huku gari, nafasi na ajali vyote ni "ipo". Nilikuwa nimeshakanyaga mafuta alipogonga dashibodi kwa kiganja. Tangu siku ile tunatumia maneno mawili tu, "tulia" na "wazi". Tena simwulizi mtu kama tupite, namwuliza anaona nini. Akisema tulia, natulia bila mjadala. Akisema wazi, bado naangalia mwenyewe, kwa sababu yeye hajui gari langu lina nguvu kiasi gani likiwa na watu wanane na masanduku juu.

Siku ambayo huna mtu wa mbele, usichungulie kabisa. Rudi nyuma. Watu wengi wakitaka kuona mbele hulisogelea lori, na hapo ndipo linapowaziba zaidi. Ukiacha nafasi ya sekunde tatu au nne, lori linakuwa dogo machoni na barabara inaanza kuonekana pembeni yake. Kisha ngoja kona. Kona ya kulia ni rafiki yako: barabara inapokunjia kulia, kule mbele ya lori kunaonekana upande wake wa kulia, na wewe umekaa huko huko kulia. Bonde likiwa kulia unaweza kuona mbali sana kuliko hata wenyeji wenye usukani wa kushoto. Kama kulia kuna ukingo wa mlima uliochongwa, umekosa, endelea kuvumilia. Sisemi upite kwenye kona, hapana. Pale unasoma tu kinachokuja, ili ukifika sehemu iliyonyooka uwe tayari unajua. Kona ya kushoto haikusaidii chochote, na milima ya kaskazini mwa Rwanda ina kona za kushoto za kutosha.

Ukweli ni kwamba mara nyingi haifai hata kuhangaika. Malori na mabasi ya Rwanda yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, kamera za barabarani ziko nyingi, na kutoka Katuna mpaka Kigali ni kama kilomita 80 tu. Ukipita malori matano utafika dakika chache mapema, ukute bwana harusi mwenyewe bado ananyolewa.

Ukiamua kupita, kwanza soma namba ya gari unalotaka kulipita. Namba ya Rwanda inaanza na R. Ukiona U, K au T, au Z ambayo ni ya trela za Kenya, jua lile lori limetoka nchi ya kupita kushoto kama wewe, na dereva wake amekaa kulia. Maana yake upande wa kushoto utakaompitia ndio upande ulio mbali naye, wenye upofu mrefu kuliko wote, kuanzia mlango wa utingo hadi katikati ya trela. Kwao Mombasa au kwetu Malaba magari humpita upande wake mwenyewe, kwenye dirisha lake. Wengine husahau kidogo. Piga honi fupi, ngoja uone uso wake kwenye kioo chake, ndipo upite bila kukawia ubavuni. Usipoona uso wake, yeye hata gari lako halioni.

Vioo sasa. Wengi wetu tunaviweka kiasi kwamba nusu ya kioo inaonyesha mlango wa gari letu wenyewe, kana kwamba tunaogopa utaibwa. Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani aitwaye George Platzer alieleza namna nyingine, nami nimeijaribu. Sogeza kichwa hadi kikaribie kugusa dirisha lako, kisha geuza kioo cha upande huo nje mpaka ubavu wa gari lako uonekane kwa shida. Kwa kioo cha upande wa abiria, inama hadi katikati ya gari, ufanye vile vile. Ukikaa sawa utaona ubavu wa gari umepotea kwenye vioo, na siku ya kwanza utajisikia umevuliwa nguo. Lakini gari linalokupita litatoka kioo cha ndani liingie cha pembeni, na litakapotoka hapo litakuwa tayari kwenye kona ya jicho lako.

Namna hiyo inategemea kioo cha ndani kinachoona nyuma. Changu kinaona vilemba, kofia na keki ya harusi. Kwa hiyo mimi cha kulia nakiacha karibu na kawaida, cha kushoto nakitoa nje zaidi, halafu nimekibandika kile kioo kidogo cha mviringo kinachouzwa soko la Kisekka. Kinafanya pikipiki ionekane ndogo na mbali, kwa hiyo nakitumia kujua kama kuna kitu, si kujua kiko umbali gani. Na tafadhali, kile kioo kidogo ambacho Wajapani hukiweka juu ya mlango wa nyuma au kwenye kona ya mbele ya magari marefu, usimruhusu fundi akingoe eti kinaharibu sura. Kiliwekwa ili usimkanyage mtoto.

Ndani ya Kigali adui ni nguzo ya kioo cha mbele. Sisi tuliokulia upande wa Bukoba mzunguko wa barabara tunauita kipilefti, na jina lenyewe linakuambia ukae wapi. Rwanda ukiifuata kipilefti kwa jina lake utakutana uso kwa uso na kila mtu. Kule unazunguka kwa kulia, na walio ndani ya mzunguko wanakujia kutoka kushoto. Sasa piga hesabu: kushoto kwako kuna nguzo, kuna kioo cha pembeni, na kuna shangazi na kilemba chake. Moto, ndivyo wanavyoita boda boda zao, inaweza kujificha nzima nyuma ya nguzo ile na kwenda na wewe sambamba, wewe ukiamini pako wazi. Dawa ni kutikisa kichwa kama kuku, mbele na nyuma, kabla hujaingia. Shangazi nilimwomba aegemee kiti. Alinuna, akaegemea.

Kuna jambo ambalo sikuliona likitajwa popote na lilitaka kunitoa roho: mlango. Super Custom ina mlango mmoja wa kuvuta, uko kushoto. Kampala kushoto ni kwenye ukingo, mtu anashuka na kununua ndizi. Kigali kushoto ni katikati ya barabara. Niliegesha mahali pazuri kabisa, na kabla sijazima injini kijana wa nyuma akavuta mlango na kutia mguu nje, moto ikapita karibu imchane suruali. Mwendesha moto hakutukana, alitutazama tu, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu hapo mlango naufunga kwa ndani, na nashushia watu kwenye kituo cha mafuta au ndani ya ua, mahali ambapo hakuna upande wa barabara.

Usiku mimi siendeshi huko. Taa za dimu za magari yetu zimeelekezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto, na kushoto kule ni machoni mwa wanaokuja. Nao wakikuwashia fuli kwa hasira, unabaki hujui barabara iko wapi.

Wengine watasema basi ukodi gari la huko huko. Nimewahi. Upofu wa kupita malori unaisha kweli, ila mwili unakataa. Nilitafuta gia nikapiga mlango. Nikitaka indiketa nawasha waipa, jua linawaka. Kibaya zaidi ni kioo cha ndani: miaka yote jicho langu limezoea kuruka juu kushoto, na kwenye usukani wa kushoto kioo kiko juu kulia. Siku nzima nilikuwa natazama mawingu nikidhani natazama nyuma. Na bila kujua nililiegemeza gari kulia mno, karibu nifagie wauza matunda, kwa sababu nilijikalisha mahali pa barabara ambapo mimi hukaa, si pale gari linapokaa. Kaa nalo kwanza kwenye uwanja mtupu nusu saa kabla hujaingia mjini.

Juba ni habari nyingine. Sudani ilihamia kulia mwaka 1973, na Sudani Kusini ikarithi. Lakini njia ya kutoka mpaka wa Nimule hadi Juba, kama kilomita 190 hivi, imejaa malori ya Uganda na Kenya, kwa hiyo karibu kila anayekuja mbele yako amekaa upande wa mtaro kama wewe, naye anachungulia kwa gari zima. Huko sipiti mtu, na anayetaka kunipita nampisha mapema.

Wakati wa kurudi kutoka Kigali mwili ulikuwa umeshazoea kulia, na hilo sikulitegemea. Tulivuka vizuri, geti linakukumbusha. Tukasimama Kabale kunywa chai. Nikatoka kituo cha mafuta, barabara tupu, nikaingia na kushika upande wa kulia, moyo umetulia, watu wanaimba. Boda boda mmoja akanijia usoni, akasimama, akanisubiri nisimame, kisha akasogea dirishani.

"Mzee, shikamoo. Mmetoka Rwanda?"