Kovu limepona, shavu limekufa ganzi

SWALI: Mwaka jana baba yangu alikatwa saratani ya ngozi shavuni, ya aina ya skwamasi (ya seli bapa za juu ya ngozi). Kovu limepona vizuri, ila kwa miezi mitatu sasa anahisi kama sisimizi wanamtambaa chini ya jicho, na mdomo wa juu upande huohuo umekufa ganzi. CT skani ya kichwa imetoka safi. Je, tutulie?

JIBU: Msitulie. Chini ya jicho na mdomo wa juu hupata hisia kupitia neva (mshipa wa fahamu) moja, tawi la pili la neva ya tano ya kichwa. Saratani hii huweza kuingia ndani ya neva na kuifuata kama njia: kutoka shavuni hupita kitundu cha mfupa chini ya jicho, sakafu ya shimo la jicho, uwazi mdogo nyuma ya taya la juu, halafu tundu la duara linaloingia ndani ya fuvu. Juu ya ngozi huoni kitu.

CT huonyesha mfupa, na tundu hupanuka neva ikishavimba kwa muda. Kwa hiyo CT safi mapema haitoshi. Anahitaji MRI (picha za sumaku) yenye dawa ya gadolinia, inayochomwa mshipani ili kung'arisha picha, lakini si MRI ya kawaida ya ubongo, ambayo mara nyingi hukata vipande vya milimita 5 na kuuacha uso nje. Ombeni vipande vya milimita 3 au pungufu, kuanzia ngozi ya shavu hadi shina la ubongo. Kabla ya dawa zipigwe picha za T1 (aina ya picha za MRI ambamo mafuta huonekana meupe) bila kuzima mafuta, yaani bila kufuta mng'ao wake: mafuta meupe yanayozunguka neva kwenye matundu yakitoweka, hiyo ni ishara kubwa kwamba saratani imefuata neva. Baada ya dawa mafuta yazimwe, ndipo neva iliyong'aa na kunenepa ionekane. Meno ya chuma huharibu uzimaji huo, basi semeni mapema, pamoja na ugonjwa wowote wa figo au kifaa cha moyo.

Kosa kubwa hutokea kwenye fomu. Ikiandikwa tu “maumivu ya uso”, msomaji wa picha hajui afuate neva ipi. Iandikwe saratani ilikuwa wapi, ilikatwa lini, na ganzi iko wapi hasa. Pelekeni na ripoti ya maabara ya saratani iliyokatwa: neva iliyovamiwa yenye unene wa milimita 0.1 au zaidi ni hatari zaidi.

MRI nayo ikitoka safi huku ganzi ikizidi kuenea, rudini. Seli chache hazionekani kwenye picha; daktari anaweza kurudia kipimo au kuchukua kipande cha neva kikapimwe.