Peter Pond: kutoka jeshini hadi biashara ya manyoya

Mkuu, umeuliza mwanajeshi wa enzi za ukoloni aliwezaje kugeuka mfanyabiashara wa manyoya. Mtazame Peter Pond, mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa 1740 huko Milford, Connecticut. Alijiunga na jeshi 1756 akiwa na miaka 16, akapigana na Wafaransa hadi Montreal ilipoangukia mikononi mwa Waingereza 1760.

Baadaye akaingia kwenye biashara ya ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito. Mwaka 1778 alivuka kwa miguu njia ya Methye, kilomita zipatazo 19 za kubeba mizigo mabegani, akaingia Athabasca, eneo la kaskazini-magharibi mwa Kanada ya leo. Ngozi alizopata zilizidi uwezo wa mitumbwi yake, nyingine akaziacha ghalani. Lakini njia ile si yeye aliyeigundua, wenyeji waliijua zamani. Hata pemikani, nyama kavu iliyopondwa na kuchanganywa na mafuta, chakula kilichowezesha safari zile ndefu, ni ujuzi wao. Inaniuma wanapoachwa nje ya simulizi.

Wafanyabiashara wawili waliogombana naye, Waddens (1782) na Ross (1787), waliuawa, na lawama zikamwandama. Alirudi Milford, akafa maskini 1807.