Jibu: Mtoto anataka kutengeneza gemu kama la Mario, aanzie wapi?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 11 anaweza kutengeneza gemu linalofanana na Super Mario, na kama huo si wizi. Anaweza, tena mwache aanze leo.

Mpakulie Scratch. Ni programu ya bure ya kutengenezea magemu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Ukishaiweka kwenye kompyuta haili bando, na ina Kiswahili. Mtoto anaunganisha vipande vya rangi kama anayepanga matofali.

Aanze na kuruka tu, maana Mario yote imesimama hapo. Atengeneze namba ya kubadilika, aiite "kasi". Akibonyeza spesi, kasi iwe 12. Kila mzunguko wa amri zinazojirudia, mhusika asogee juu kwa kiasi cha kasi, kisha kasi ipungue 1. Atamwona anapaa, anapunguza mwendo, anashuka. Akigusa ardhi, kasi irudi 0. Siku binti yangu alipoibadilisha ile 1 ikawa 0.3, mhusika alielea kama yuko mwezini. Hapo ndipo gemu likawa lake.

Kuhusu wizi: sura ya Mario ni mali ya Nintendo, kwa hiyo amchore mhusika wake mwenyewe. Kuruka hakuna mwenyewe. Hata Toby Fox, mtengenezaji magemu wa Marekani, akiwa bado kijana mwaka 2008, alianza kwa kulichokonoa na kulibadilisha EarthBound, gemu alilolipenda. Mwaka 2015 akatoa gemu lake mwenyewe, Undertale, na mapenzi yale bado unayaona ndani yake.