Dada, usiitume hiyo barua ya wakili kwa ndugu zako wa Italia

Isimamishe leo. Umeandika kwamba baba yako alizaliwa Gilgil mwaka 1946, kwamba babu alikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano aliyerudishwa kwao mtoto akiwa bado mgongoni, kwamba umeshapata mji wake na watu wenye jina lile la ukoo, na kwamba kuna wakili Nairobi atakayewaandikia “rasmi” wiki hii. Halafu ukauliza habari za viza, paspoti, masomo ya Kitaliano kwa watoto na mapishi ya kwao. Yote hayo yanaweza kungoja. Barua kama hiyo ilinigharimu miaka mitatu, na mtu mmoja ambaye sitakutana naye tena duniani.

Mama yangu alizaliwa Naivasha, 1945. Baba yake alitekwa Ethiopia mwaka 1941, jeshi la Italia liliposhindwa, akaletwa Kenya pamoja na maelfu ya wenzake. Alifanya kazi kwenye barabara ya Bonde la Ufa, ile yenye kanisa dogo la Mai Mahiu walilolijenga mateka mwaka 1942. Baadaye akapelekwa kuwa fundi kwenye shamba la mzungu mmoja, na hapo ndipo nyanya alipokuwa akikama ng'ombe. Mwaka 1946 mateka walipakiwa melini. Mama alikua akiitwa kamzungu njia nzima ya kwenda shule. Hakuwahi kutaka shamba wala nyumba ya mtu. Alitaka kujua kama yule baba aliwahi kumtaja, basi.

Mwaka 2015 nikampata wakala. Ofisi nzuri, bendera mbili mezani. Nilimwonyesha barua niliyokuwa nimeiandika kwa mkono, akaisoma nusu akairudisha. Akaniambia Waitaliano hawajibu barua za hisia, wanajibu mhuri. Nililipa shilingi 180,000, pesa ya ng'ombe wawili na akiba ya mama. Huyo mtu alijua fika kwamba sisi hatutafuti mali, kwa sababu nilimwambia zaidi ya mara moja, mama akiwa amekaa pale pale. Bado nikikumbuka mikono inanitetemeka.

Aliandika nini? Kwamba mama ni mtoto wa damu wa marehemu, kwamba sheria ya Italia namba 219 ya mwaka 2012 imefuta tofauti kati ya mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje, na kwamba familia “inaombwa kutoa nyaraka zote zinazohusu ukoo”. Akatoa majina kwenye kitabu cha simu, akatuma kwa rejesta nyumba kumi na moja za kijiji kimoja. Kumi na moja! Ni kijiji cha mlimani mkoani Bergamo, mahali ambapo tarishi anajua nani anaumwa goti.

Sasa kaa kwenye viatu vyao, dada. Kwa sheria ya Italia mzazi hawezi kumnyima mtoto urithi wote. Kuna fungu ambalo ni la mtoto hata wosia ukisema vingine. Watoto wa babu waliozaliwa huko walikuwa wamegawana nyumba na kipande cha msitu miaka mingi iliyopita. Anakuja tarishi, unatia sahihi, unafungua bahasha: mtu wa Afrika ambaye hukuwahi kusikia habari zake, mhuri, namba ya sheria. Ungefikiri nini? Hata mimi ningefunga mlango. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari miwili, kutoka kwa wakili wao: mawasiliano yoyote yapitie ofisini kwake. Mama aliomba nimsomee mara ya pili. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, na hakuitaja tena.

Mwaka 2018 niliandika upya, kwa mkono, nikaituma kwa paroko wa kijiji na kumwomba ampe yeyote wa ukoo huo atakayekubali kuisoma. Ndani niliweka picha ya mama. Nilijibiwa na msichana mmoja, mjukuu wa dada yake babu. Akaniambia bibi yake alifariki majira ya baridi yale yale, na miaka mitatu nyuma barua ya rejesta ilifika nyumbani kwake lakini wanawe waliificha wasimshtue. Kwenye kopo la biskuti alilokuwa akiweka shanga na tasbihi wakakuta picha ya nyanya yangu, msichana, ameshika debe la maziwa, anacheka. Nyuma imeandikwa kwa penseli “Naivascia 1945”, kwa tahajia yao. Babu alimweleza dada yake peke yake. Na yule bibi, akiwa mzee, alikuwa akiuliza watu wa nyumbani Naivascia iko wapi, wakidhani akili inapotea.

Jibu la swali la mama lilikuwa ndani ya kopo hilo wakati wote. Mtu wa kulisema kwa mdomo wake alikuwa hai wakati wakala anagonga mhuri.

Kwa hiyo dada: barua ya kwanza isiombe kitu. Isiombe cheti, wala mwaliko, wala anwani ya mtu mwingine. Vyeti hutavikosa, havihitaji hata ndugu. Unaandikia manispaa alikozaliwa babu, wao huiita comune, unaomba dondoo ya kumbukumbu ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi. Mara nyingi pembeni wameandika alioa lini. Rekodi zake za jeshi ziulizie nyaraka za taifa za mkoa wake, Archivio di Stato. Na dada zake usiwatafute kwa majina ya waume, maana huko mwanamke hubaki na jina la ukoo wake kwenye karatasi. Paspoti iache kabisa kwa sasa. Sheria ya uraia ilibanwa mwaka 2025, na mtoto ambaye baba hakumtambua kisheria ana mlima wake mwingine. Ukianza na hilo watajua umefuata nini hata kama sicho ulichofuata.

Sisi tulifika Novemba 2019, siku ya marehemu wote, wakati kila familia huko inapeleka maua makaburini. Kaburi la udongo la babu lilikuwa limeshafukuliwa, kama ilivyo desturi yao baada ya miaka kadhaa, na mifupa imewekwa kwenye kijumba kidogo cha ukutani chenye picha yake ya kauri. Mama aliifuta vumbi kwa leso yake, polepole, kuanzia paji la uso. Jioni walimimina polenta, chakula chao cha unga wa mahindi, juu ya ubao, na mama akasema kwa sauti kwamba ugali haujaiva. Nilipotafsiri, meza nzima ilicheka, na mwana mmoja wa yule bibi aliyefariki, mmoja wa walioificha barua, akainuka akamletea mwiko.

Nakupa barua niliyoandika, ibadilishe majina tu:

“Naitwa fulani. Mama yangu alizaliwa Naivasha, Kenya, mwaka 1945. Tunaamini baba yake alitoka kijijini kwenu. Hatuhitaji chochote. Mama ana miaka 73 na angefurahi kusikia alikuwa mtu wa namna gani.”

Mtafute mtu aiweke kwa Kitaliano cha kawaida, cha nyumbani. Weka picha ya baba yako, uso uonekane vizuri. Usiambatishe karatasi nyingine yoyote.