Maswali ya Wasomaji: "Malaika" Ni Wimbo wa Nani?

Mwezi huu tumepokea barua tatu, moja kutoka Lamu na mbili kutoka Malindi, na zote zauliza juu ya wimbo mmoja. Tumeonelea tuzijibu pamoja, tukianza na ile iliyokuja kwanza.

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Katika arusi ya jirani yetu, vijana waliokuja na kinanda kutoka Malindi waliimba "Malaika", na siku ya pili ukazuka ubishi barazani. Mzee mmoja ashikilia kwamba huo ni wimbo wa arusi wa pwani, wa tangu enzi za babu zetu, na kwamba watu wa bara waliuchukua wakautia magitaa. Mjukuu wake asema ni wa Miriam Makeba, kwa kuwa ndivyo unavyoonekana kwenye simu yake. Mimi nilisema ni wa Fadhili William, nikaulizwa ushahidi nikakosa la kusema. Tafadhali utuamue.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu wa Langoni. Katika nyinyi watatu wewe ndiwe uliyekaribia zaidi, lakini hata jibu lako lahitaji kugawanywa mara mbili, kwa sababu swali la nani aliyeurekodi wimbo kwanza na swali la nani aliyeutunga ni maswali mawili mbalimbali, na ubishi mwingi juu ya "Malaika" watokana na kuyachanganya.

Juu ya kurekodi hakuna shaka kubwa. Fadhili William, mwanamuziki wa Kitaita, ndiye aliyeuingiza wimbo huu kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, na rekodi iliyomfanya ajulikane zaidi ni ile ya mwaka 1963, aliyoifanya na kikundi chake cha Black Shadows katika studio ya Equator Sound mjini Nairobi, iliyokuwa chini ya Charles Worrod. Studio hiyo ndiyo iliyokuwa pia na akina Daudi Kabaka. Ukiisikiliza rekodi ya Fadhili leo, baada ya kuzoea zile zilizokuja baadaye, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba haina haraka wala madoido. Aimba kama mtu anayemweleza mwenzake shida yake wakiwa wameketi, na maneno yote yasikika, hata lile "we" dogo la mwisho wa mstari ambalo waimbaji wengi wa kigeni hulimeza.

Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliupokea wimbo ukiwa tayari umeshaenea Afrika Mashariki. Mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1966 katika fungu la rekodi za muziki wa kiasili. Kuanzia hapo wimbo ukavuka bahari. Pete Seeger aliuimba Marekani, Hep Stars wa Uswidi, kikundi alichopigia kinanda Benny Andersson kabla ya ABBA, wakaurekodi katika miaka hiyohiyo ya 1960, Boney M. waliokuwa Ujerumani wakautoa mwaka 1981 kwa mtindo wa pop wa wakati huo. Naye Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Kuna na Usha Uthup wa India, na wengine wengi ambao nikiwataja wote nafasi haitatosha. Kijana wa barazani asilaumiwe, basi, kwa kumtaja Makeba, kwani sauti yake ndiyo iliyoufikisha wimbo kwa watu wengi zaidi duniani. Lakini kufikisha si kutunga, na simu yake yamwonyesha jina la aliyeimba tu.

Juu ya kutunga ndiko kwenye uzito. Fadhili mwenyewe, hadi alipofariki Februari 2001, alishikilia kuwa wimbo ni wake, na kwamba aliutunga akiwa kijana kwa ajili ya msichana aliyempenda. Adam Salim, mtunzi wa Kitanzania, alidai kuwa aliutunga yeye alipokuwa akiishi Nairobi mwaka 1945 na 1946, kwa ajili ya mchumba ambaye wazazi wake walimwoza kwa mtu mwenye mali. Majina ya Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo nayo yametajwa. Wachunguzi wengi wameelekea upande wa Adam Salim, na mimi nami naona madai yake yana nguvu, kwa kuwa kisa alichokisimulia ndicho kisa chenyewe cha wimbo: mchumba yupo, mapenzi yapo, na kilichowatenga ni mali. Hata hivyo kisa cha namna hiyo kimewapata vijana wengi wa Afrika Mashariki, na hakiwezi peke yake kuwa hati ya umiliki. Mkiulizwa tena barazani, semeni hivi: aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William, mtunzi ni jambo lenye madai, na la Adam Salim ndilo la zamani zaidi.

Sasa nirudi kwa mzee wetu, ambaye hoja yake yastahili kupimwa kwa heshima. Asema ni wimbo wa arusi wa pwani, wa zamani. Wimbo wenyewe ukiuweka mezani ukauhesabu, hausaidii dai hilo. Nyimbo za arusi tulizozirithi Lamu na Mombasa, na hata zile za taarabu ambazo marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alizipigia udi wake, hushika vina na mizani. Chukua kiitikio cha "Malaika" uhesabu silabi: mstari wa "nami nifanyeje, kijana mwenzio" una mizani kumi na mbili; wa "nashindwa na mali sina, we" una tisa; wa "ningekuoa, malaika" una tisa. Vina navyo ni o, e na a. Mshairi wa Lamu aliyefundishwa kazi asingeuachia utungo wake utoke hivyo, na wasikilizaji wake wasingemwacha. Huu ni utunzi wa gitaa, ambao mstari wake hufuata pumzi ya mwimbaji na mwendo wa nyuzi, na utunzi wa namna hiyo ulishamiri mijini baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kisha kuna neno "kidege" katika ubeti wa mwisho. Mzee wako, akizungumza kwa lugha ya nyumbani, yule kiumbe arukaye humwita nyuni. Kama wimbo ungalizaliwa Lamu, tungalitarajia kumsikia nyuni humo, hata kama waimbaji wa baadaye wangalimgeuza. Sisemi kwamba hili peke yake lamaliza maneno, maana Mombasa husema ndege na Nairobi husema ndege. Nasema tu kwamba alama za Lamu hazimo.

Lakini mzee ana haki katika jambo moja, na ningependa umfikishie. Kiswahili cha wimbo huu kina ladha ya pwani. "Pesa zasumbua roho yangu" si "zinasumbua". Ile -a- fupi, ambayo vitabu vya shule vimeisukuma pembeni, ndiyo inayotumika barazani kwenu hadi leo, na barua yako yenyewe imejaa nayo: "ashikilia", "asema". Yeyote aliyeutunga alikijua Kiswahili kwa kukisikia kwa wenyewe.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwimbaji wa kike, naimba hotelini Malindi, na hakuna usiku unaopita bila wageni wa Kiitaliano kuomba "Malaika". Nina maswali mawili. Kwanza, mwenzangu mmoja hunikosoa, asema mwanamke hawezi kusema "ningekuoa", kwa hiyo nabadilisha au niache? Pili, msimamizi wa hoteli moja niliyofanya kazi alikataa kuutia wimbo huu katika orodha ya nyimbo za kulipiwa, akasema hauna mwenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwenzako ameisikia sarufi vizuri. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na lugha yetu huutia tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, jambo ambalo Belafonte na wenzake wa ng'ambo hawakuwa na haja ya kuliwaza. Makeba aliimba "ningekuoa", na Kidjo vilevile, na msikilizaji wa Malindi akiwasikia kwa mara ya kwanza lazima sikio limchome kidogo.

Ukitaka kubadilisha, wimbo wenyewe hautakuzuia. "Ningekuoa" ina silabi tano, na "ungenioa" ina silabi tano, kwa hiyo sauti haitavunjika mahali popote. Lakini angalia kitakachofuata. Ukisema "ungenioa", basi "mali sina" nayo hubidi iwe "mali huna", na hapo wimbo umegeuka. Aliyekuwa akijuta umaskini wake mwenyewe ametoweka, na mahali pake amesimama mwanamke anayemwambia mwanamume kwamba hana kitu. Uchungu wa wimbo huu wote umo katika kwamba msemaji anajilaumu mwenyewe. Kijana amependa, anajua taratibu za posa, anajua kwamba kuna mahari ya binti, na kilemba cha baba, na mkaja wa mama, na akitazama mkononi haoni kitu. Kwa hiyo hasemi "nitakuoa" wala "nakuoa". Asema "ningekuoa", na ile -nge- yatosha kutwambia kwamba jambo halitakuwa.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni uuache kama ulivyo. Katika taarabu, mwimbaji wa kike hupewa shairi lililotungwa na mwanamume, lenye maneno ya mwanamume, akaliimba mbele za watu, na hakuna anayedhani kwamba asema habari zake. Mwimbaji huazima sauti ya mtunzi. Nawe azima sauti ya yule kijana.

La pili ni la sheria, na hapo msimamizi alikosea. Wimbo ambao watunzi wake wanabishaniwa si wimbo usio na mwenyewe. Shida yake ni kwamba wanaoudai ni wengi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda utungo wa muziki kwa muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tukichukulia kwamba mwenye haki ni Fadhili, aliyefariki 2001, utungo walindwa hadi mwisho wa 2051. Rekodi ni jambo jingine: hulindwa kwa miaka 50 tangu ilipofanywa, kwa hiyo muda wa rekodi ya 1963 ulikwisha mwishoni mwa 2013. Wewe hupigi rekodi hiyo, waimba utungo, na hoteli inayokuweka uimbe mbele ya wageni yapaswa kuwa na leseni ya kuimbisha muziki hadharani. Mzigo huo ni wa hoteli, si wako. Nalisema wazi kwa sababu wimbo huu umewaingizia watu fedha katika nchi nyingi, na Fadhili na wenzake waliotoka naye Equator hawakuzeeka katika utajiri.

Na ukiweza, kabla ya kuanza kuimba watajie wageni jina la Fadhili William. Wengi wao wadhani wimbo ni wa Boney M.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Malindi, nawafundisha watoto "Malaika" kwa ajili ya tamasha. Katika ubeti wa tatu nimesikia wengine wakiimba "nakuwaza, kidege" na wengine "hukuwaza, kidege". Naona "hukuwaza" ni kosa la wageni, maana yake si kwamba huyo kidege hakuwaza?

JIBU: Si kosa, Mwalimu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu hapa pana uzuri ambao watoto wako waweza kuuelewa.

"Hukuwaza" yaweza kusomwa kwa njia mbili, na herufi ni zilezile, na mkazo nao ukaangukia silabi ileile ya -wa-. Njia ya kwanza ni uliyoisema: hu- ya kukanusha nafsi ya pili na -ku- ya wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri. Njia ya pili ni hu- ya mazoea, ile ya "yeye hulala mapema", ambayo haitaki kiambishi cha nafsi, ikifuatwa na -ku- ya mtendwa: mimi hukuwaza wewe, kila siku, kila wakati. Anayeamua ni muktadha, na muktadha ni kijana ambaye punde atasema tena "nami nifanyeje". Hamlaumu kidege. Amwambia kwamba amo mawazoni mwake daima.

"Nakuwaza" nayo ni sahihi, na yafahamika upesi zaidi. Tofauti ni kwamba "nakuwaza" ni ya sasa hivi, na "hukuwaza" ni ya mazoea. Mimi ningewafundisha "hukuwaza". Waandikie ubaoni kwa kuikata vipande, hu-ku-waza, kisha waulize ni nani anayewaza na ni nani anayewazwa. Wakishajibu sawasawa, waache waimbe polepole, kwa mwendo wa Fadhili, wasikimbilie mwendo wa rekodi za baadaye, ili kila silabi ya mstari huo ipate nafasi ya kusikika hadi viti vya nyuma.