Nyuki aliyefuata boga, na sisi tuliopata mbegu peke yake

Niliandika hapa kuhusu maua ya maboga, na maswali yakamiminika. Nayajibu yale yaliyojirudia.

Viboga vyangu vikifika ukubwa wa yai vinageuka njano na kuoza. Shida ni mbolea?

Mara nyingi ni chavua, yaani ule unga wa njano wa ua dume, haikufika. Shina moja hutoa maua dume na maua jike, kila moja peke yake. Ua jike utalijua kwa kiboga kilicho nyuma yake. Hufunguka alfajiri, na kabla ya saa sita mchana limeshafumba moja kwa moja. Wadudu wasipolipitia ndani ya saa hizo chache, kiboga hakikui.

Eti kuna nyuki wa maboga tu?

Yupo, Amerika Kaskazini. Wataalamu humwita *Eucera pruinosa*. Jike halishi wanawe chavua nyingine ila ya jamii ya boga. Chavua hiyo ni chembe kubwa, zenye miiba na zinazonata. Nyuki wa asali huziona kero na hujipangusa. Huyu miguu yake ya nyuma ina nywele zilizoachana, chembe zikapata pa kukaa. Dume huzunguka ua hadi ua asubuhi akitafuta majike, kisha hulala ndani ya ua lililofumba. Ukilibonyeza ua hilo taratibu mchana, utasikia mngurumo kwenye vidole. Usiogope, nyuki dume hana mwiba.

Kila penye boga, naye yupo?

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kwao asili ni Mexico na nyika kavu za kusini magharibi mwa Marekani, kwenye maboga mwitu machungu. Watu wa Mexico walianza kulima boga yapata miaka 10,000 iliyopita. Mbegu zikapita mkono kwa mkono kuelekea kaskazini na mashariki, na nyuki akafuata mashamba, shamba hadi shamba, mpaka Ontario na Quebec kule Kanada, ambako lile boga mwitu la nyikani halioti. Utafiti wa vinasaba wa Margarita López-Uribe na wenzake, uliotoka mwaka 2016, uliisoma safari hiyo ndani ya nyuki wenyewe: kadiri walivyosogea mbali na kwao, ndivyo tofauti za vinasaba zilivyopungua, kwa kuwa kila mara waliotangulia kuhamia walikuwa wachache. Mdudu wa porini, asiyefugwa na mtu, lakini mipaka ya makazi yake imechorwa kwa jembe! Huko kaskazini mashariki wakulima wakiacha maboga, hana pa kukimbilia.

Mbona kwetu hakufika?

Mbegu hubebeka melini miezi na miezi. Nyuki huyu hutaga chini ya udongo, na kizazi kipya hukaa humo mpaka msimu mwingine wa maua. Nchi kavu aliweza kusogea kidogo kidogo, bahari hakuiweza. Kwa hiyo Afrika Mashariki tunakula boga na majani yake, lakini uchavushaji tumewaachia zaidi nyuki wetu wa asali. Wao hufuata mbochi, yale maji matamu ya ua, na chavua huwashika manyoyani bila wao kuitaka.

Nifanye nini shambani?

Kwanza, tahadhari na dawa zinazomwagwa kwenye udongo. Sumu hupanda na maji ya mmea mpaka kwenye mbochi na chavua. Huko Ontario, nyuki wa maboga waliowekwa kwenye mimea iliyotiwa imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, walichimba viota pungufu kwa asilimia 85. Nyuki wetu wengi wa pekepeke, wasioishi kwa kundi, nao huishi ardhini, kwa hiyo acha ukingo wa shamba usiolimwa.

Ukiona nyuki ni haba, amka mapema. Saa moja asubuhi chuma ua dume lililofunguka, bandua petali zake, kisha sugua ule unga wa njano katikati ya ua jike, polepole, kila upande. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu.